Vyombo Vilivyokaa Karibu Mno: Kisa cha Injini ya Ukubwa wa Kifungo

Mwaka 2006 Profesa Alan Epstein wa MIT, chuo cha teknolojia huko Massachusetts, Marekani, alikuwa na kila kipande cha injini yake, turbini ya gesi ya silikoni yenye ukubwa wa kifungo iliyokusudiwa kutoa umeme badala ya betri, na kila kipande kilikuwa kimeshafanya kazi. Rota, yaani gurudumu lake la mapanga, ilikwisha kuzunguka. Moto ulikwisha kuwaka. Jenereta ilikwisha kutoa umeme. Kilichobaki, kwa maelezo yake mwenyewe wakati huo, ni kuvipata vyote vifanye kazi siku moja, juu ya meza moja.

Mradi huo haukuzaa bidhaa. Hakuna simu, kompyuta ya mkononi wala redio ya askari iliyowahi kuuzwa ikiwa na turbini ya silikoni tumboni. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba teknolojia ilikuwa changa, au kwamba betri za lithiamu zilikimbia zikaiacha nyuma. Majibu hayo si ya uongo, ila hayanitoshi. Hayaelezi ilikuwaje mradi uliokuwa na vipande vizima ukakosa kitu kizima. Nimekizungusha kisa hiki kichwani mara nyingi, na kila mara narudi palepale: tatizo halikuwa kwenye kipande chochote. Lilikuwa kwenye ujirani wa vipande. Wahenga walisema vyombo vikikaa pamoja havina budi kugongana. Humu vyombo vilikaa pamoja ndani ya unene usiofika milimita nne.

Hesabu iliyowavuta

Kwanza tuwatendee haki. Wazo hili halikuwa ndoto ya alinacha. Kilo moja ya petroli au butani, gesi ya vibiriti, imebeba takriban kilowati-saa 12 za nishati. Betri za lithiamu za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibeba wati-saa 100 hadi 150 kwa kilo. Yaani mafuta yalikuwa mbele karibu mara mia. Hata injini mbovu, inayomwaga sehemu tisa za nishati na kubakiza moja, bado ingeishinda betri mara nane au kumi. Jeshi la Marekani liliposikia hesabu hiyo lilitoa fedha, maana askari wa miguu aliyebeba redio, darubini ya usiku na kifaa cha kuonyesha mahali alipo hutembea na kilo kadhaa za betri mgongoni.

Hesabu ya pili ilikuwa tamu zaidi. Nguvu ya turbini hutokana na hewa inayopita ndani yake, na hewa hiyo hufuata eneo la mdomo. Uzito hufuata ujazo. Punguza kila kipimo mara kumi: eneo la mdomo linashuka mara 100, uzito unashuka mara 1,000. Nguvu kwa kila gramu imepanda mara kumi, na hakuna aliyegundua kitu kipya. Kwenye karatasi, injini ndogo ni bora kuliko kubwa kwa sababu tu ni ndogo.

Ya tatu ni namna ya kuitengeneza. Hakuna fundi awezaye kuchonga kwa mkono pangaboi lenye upana wa milimita nne, lakini viwanda vya chipu vilikuwa vimezoea kuchora vitu vidogo zaidi ya hapo kwenye visahani vya silikoni, mamia kwa mpigo. Miaka ileile ya 1990 ilipatikana njia ya kuchimba silikoni kwa plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme, kwenda chini wima, shimo jembamba lenye kina mara 20 ya upana wake. Kwa chombo hicho unaweza kuchora mapanga ya turbini kama unavyochora nyaya za chipu, kisha ukayachimba.

Mwaka 1997 kikundi cha MIT, Epstein na Stephen Senturia wakiwa miongoni mwao, kiliweka mpango hadharani: injini ya kwanza itoe wati 10 hadi 20 za umeme kwa kuchoma haidrojeni isiyozidi gramu 10 kwa saa. Zitakazofuata zingetumia mafuta ya kawaida na kutoa zaidi.

Simama kidogo kwenye namba hizo. Gramu 10 za haidrojeni kwa saa ni joto la karibu wati 333. Ukipata wati 20 za umeme humo, ufanisi wako ni asilimia 6. Ukipata 10, ni asilimia 3. Kwa hiyo hata kwenye mpango, hata kabla jambo lolote halijaharibika, zaidi ya wati 300 zilikuwa zitoke kama joto kutoka kwenye kitu cha ukubwa wa kifungo cha koti. Hakuna aliyeficha hilo. Lakini naona ndipo kisa kilipoamuliwa, na kila kilichofuata kilikuwa maelezo.

Vipande, kimoja kimoja

Injini yenyewe ilikuwa mkate wa matabaka: visahani sita vya silikoni vilivyochimbwa kila kimoja kwa umbo lake, kisha vikabandikwa juu ya vingine mpaka vikawa kipande kimoja. Katikati kuna rota ambayo uso wake wa juu ni kompresa, mapanga ya kukandamiza hewa, na uso wa chini ni turbini, mapanga yanayosukumwa na gesi ya moto. Hewa inaingia juu, inasukumwa na kompresa, inazunguka pembeni kuingia chumba cha mwako, inapashwa moto, inapita kwenye turbini, inatoka. Ni mpangilio uleule wa injini ya ndege, ila umebonyezwa bapa.

Kasi ndiyo inayoshangaza wengi. Ili kompresa ikandamize hewa vya kutosha, ncha za mapanga yake lazima ziende kwa takriban mita 500 kwa sekunde, iwe injini ni kubwa au ndogo. Hewa haijali kipimo chako. Rota yenye upana wa mita moja hufikia kasi hiyo kwa mizunguko isiyofika 10,000 kwa dakika. Ya milimita nane inahitaji milioni moja na laki mbili, sawa na mizunguko 20,000 kila sekunde. Keekee ya daktari wa meno, ile inayopiga mlio wa kutia kichefuchefu, nayo huendeshwa na turbini ndogo ya hewa, na hufika laki tatu hadi nne. Injini ya MIT ilitakiwa iizidi mara tatu, tena ikiwa na moto kando yake.

Beringi za gololi hazikufaa hapo. Rota ilielea juu ya hewa, ukuta wake ukitenganishwa na ukuta wa nyumba yake na mwanya wa takriban mikromita 10 hadi 15. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara tano hivi. Beringi ya hewa ikiwa fupi namna ile, urefu wa mikromita 300 tu kwa rota ya majaribio ya milimita 4.2, hupenda kuyumba: rota inaanza kuchora duara dogo, duara linakua, rota inagusa ukuta. Silikoni haipindi wala haikwaruziki kama chuma. Inavunjika vipande. Ilibidi mwanya uchimbwe sawasawa pande zote, na hewa iingizwe kwa shinikizo maalumu ili kuivusha rota kwenye kasi zile za hatari. Waliharibu rota, wakajifunza, na mwaka 2000 wakatangaza rota ya milimita 4.2 iliyofika mizunguko milioni 1.4 kwa dakika ikisukumwa na hewa iliyoshinikizwa. Ncha zake zilikuwa zikienda kwa mita 300 kwa sekunde. Nikipewa nafasi ya kuchagua jambo moja la kujivunia katika mradi mzima, nitachagua hilo.

Chumba cha mwako kilifanikiwa pia, na kwa haraka. Chumba cha kwanza kilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 0.066, kama punje ya mbaazi. Hewa ilipita humo kwa muda usiofika milisekunde moja, na ndani ya muda huo haidrojeni ilichanganyika, ikashika, ikaungua. Joto la gesi iliyotoka lilizidi nyuzi 1,300. Haidrojeni ilichaguliwa kwa sababu ina haraka. Mafuta ya kawaida huungua polepole mara kadhaa, na katika chumba kidogo "polepole" maana yake ni kwamba mafuta yanatoka nje kabla hayajaungua. Kwa propani ilibidi waweke platini ndani ya chumba ili iharakishe mwako kwenye uso wake. Hilo nalo lilifanya kazi, ingawa joto lilikuwa la chini.

Jenereta ilikuwa na njia mbili, na hapo nitaenda haraka. Njia ya kwanza ilitumia chaji za umeme badala ya sumaku, ili kila kitu kibaki ndani ya silikoni na filamu nyembamba. Ilizunguka, ikajianzisha yenyewe, ikatoa mikrowati 192. Ndiyo, mikrowati: moja ya tano ya miliwati. Njia ya pili ilitumia sumaku za kweli, kazi iliyofanywa kwa ushirikiano na chuo cha Georgia Tech. Mwaka 2004 walionyesha sumaku ya milimita 10 inayozunguka mara laki moja kwa dakika na kutoa wati 1.1, na miaka miwili baadaye kifaa cha aina hiyohiyo kikatoa wati nane kwa mizunguko 305,000. Wati nane zinatosha kuchaji simu, na bado zinabaki.

Kwa hiyo orodha ilikuwa na alama ya ndiyo kila mstari.

Pale vilipokutana

Sasa viweke pamoja.

Gesi inayoingia kwenye turbini ina nyuzi 1,300. Silikoni inaanza kulegea ikikaribia nyuzi 650 au 700. Chini ya hapo ni ngumu ajabu na nyepesi kuliko chuma, juu ya hapo inakuwa kama nta kwa kitu kinachovutwa na mzunguko wa milioni moja. Injini kubwa za ndege hukabili tatizo hilohilo kwa kupitisha hewa baridi ndani ya mapanga kupitia vitundu vidogo. Panga la MIT halikuwa na nafasi ya kitundu. Lilikuwa na urefu wa mikromita mia kadhaa.

Suluhisho lilikuwa la kijanja: acha rota ijipoze yenyewe. Silikoni hupitisha joto vizuri kuliko chuma cha injini, tena kwa mbali. Turbini iko chini ya rota, kompresa iko juu, na kati yao kuna silikoni tupu. Joto litapanda kutoka turbini kwenda kompresa, kompresa italipeleka kwenye hewa inayopita, na turbini itabaki salama.

Ilibaki salama kweli. Lakini angalia kompresa imepewa nini. Kazi ya kukandamiza hewa hukua sambamba na joto lake ukipima kuanzia sifuri halisi. Hewa ya nyuzi 27 ina kelvini 300. Ukiipasha hadi kelvini 600 kabla hujamaliza kuikandamiza, kazi uliyokuwa unaifanya sasa ni mara mbili. Na katika turbini ya gesi yoyote, hata ile kubwa kabisa ya kuzalisha umeme wa mji, kompresa tayari inakula nusu au zaidi ya nguvu yote inayotoka kwenye turbini. Unachouza ni kile kinachobaki. Tuseme turbini inatoa 100, kompresa inataka 60, unabaki na 40. Joto likipandisha deni la kompresa kwa nusu, inataka 90. Umebaki na 10. Ongeza msuguano wa hewa ndani ya mianya ya mikromita 10, ambao kwa kasi ile si mdogo, na hiyo 10 nayo imekwenda. Injini inawaka, inazunguka ikisaidiwa na hewa ya nje, inatoa joto jingi, na haina chochote cha kumpa mtu.

Ndiyo maana nasema ujirani. Njia ileile ya joto iliyookoa turbini ndiyo iliyoua kompresa. Huwezi kuifunga bila kuchoma upande mmoja, huwezi kuiacha wazi bila kufilisi upande wa pili. Katika injini kubwa swali hilo halipo, kwa sababu kati ya kompresa na turbini kuna shafti, na kwenye shafti kuna umbali. Hakuna anayeuhesabu umbali huo kama kipuri. Hauna namba kwenye katalogi, haununuliwi, hauchakai. Katika injini ya unene wa milimita nne ulikuwa ndicho kipuri pekee kilichokosekana.

Jenereta iliingia kwenye mtego uleule. Sumaku kali za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipashwa joto la nyuzi mia na kitu. Samariamu-kobalti huvumilia zaidi, mamia kadhaa ya nyuzi, lakini nazo zina mwisho. Wati nane zilipatikana kwa hewa iliyoshinikizwa, kwenye meza baridi. Kuiweka sumaku mahali inapohitajika, yaani kwenye rota, ni kuiweka milimita moja au mbili kutoka kwenye moto wa nyuzi 1,300. Njia ya chaji, iliyovumilia joto vizuri, ndiyo iliyotoa mikrowati. Kila njia ilikuwa na kile ambacho nyingine ilikosa.

Kulikuwa na mapendekezo ya kutoka. Kabidi ya silikoni, yaani silikoni iliyoungana na kaboni, huvumilia joto kubwa zaidi, na mpango ulikuwa kuitumia katika vizazi vya baadaye. Nakubali ingesaidia turbini. Sioni ingesaidiaje kompresa: turbini yenye joto zaidi ni jirani mwenye joto zaidi, na kabidi ya silikoni nayo si kizuizi kizuri cha joto. Kutenganisha rota mbili kwa shafti nyembamba, yenye uwazi ndani, kulikuwa wazo zuri zaidi, lakini kila mikromita unayoongeza kwenye shafti inaongeza tatizo la kuyumba ambalo walilitatua kwa shida. Na kila kisahani unachoongeza ni mbandiko mwingine ambamo chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu kila kitu.

Wengine waliojaribu

Si wao peke yao walioingia humo, na walioingia kwa mlango mwingine wanasaidia kupima kama naonea ujirani bure.

Katika chuo kikuu cha Berkeley, California, kikundi cha Carlos Fernandez-Pello kilikwepa turbini na kuchukua injini ya Wankel, ile yenye rota ya pembe tatu inayobingirika ndani ya chumba. Haihitaji mizunguko milioni. Matoleo yao ya chuma, makubwa kuliko ya silikoni, yaliwaka na kutoa wati chache. Adui yao mkubwa alikuwa kuvuja. Ncha za rota lazima zibane ukuta, na mwanya ambao kwenye injini ya gari ni nywele tu, hapa ni mlango. Gesi iliyokandamizwa inapita pembeni kabla haijafanya kazi. Tena chumba kidogo kina kuta nyingi kuliko moto: ukipunguza vipimo mara kumi, ukuta kwa kila tone la gesi unaongezeka mara kumi, na joto linanywewa na ukuta badala ya kusukuma rota. Hapo jirani mkorofi ni ukuta wenyewe. Waliochukua pistoni, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliojaribu pistoni huru inayowasha mchanganyiko kwa kuukandamiza tu bila plagi, walikutana na kuvuja na kunywewa kwa joto vilevile.

Wabelgiji wa chuo kikuu cha Leuven ndio walionipa fundisho ninalolipenda. Hawakulazimisha silikoni. Walichonga turbini ya chuma cha pua yenye rota ya milimita 10 kwa mashine za kawaida za karakana za usahihi, wakaiweka kwenye beringi za gololi, na katikati ya miaka ya 2000 wakaripoti mizunguko 160,000 na wati 16 za umeme kwa hewa iliyoshinikizwa. Ni polepole ukilinganisha na MIT, na ni kubwa. Ila turbini na jenereta zilikuwa vitu viwili vilivyounganishwa kwa shafti, kila kimoja na nyumba yake. Walipopanga injini kamili yenye moto, walielekea kwenye rota ya milimita 20 na nguvu ya kilowati moja. Yaani walipotaka injini ifanye kazi, walinunua umbali, na bei waliyolipa ni kwamba haiingii tena mfukoni.

Mfukoni kwenyewe

Nimeacha kwa makusudi swali ambalo msomaji wa kawaida angeanza nalo: hata kama ingefanya kazi, je, ungeitaka?

Chukua betri ya simu ya leo, milliampia-saa 4,000, takriban wati-saa 15. Injini yenye ufanisi wa asilimia 5 inahitaji wati-saa 300 za mafuta ili kuijaza. Hiyo ni gramu 24 hivi za butani. Kibiriti cha gesi cha kutupa hubeba gramu nne au tano, kwa hiyo unazungumzia vibiriti vitano kwa chaji moja. Gramu hizo 24 zikiungua hutoa gramu 73 za kaboni dioksaidi na gramu 37 za mvuke wa maji, ambao ukigusa kitambaa cha begi unarudi kuwa maji, karibu vijiko viwili na nusu vya chakula. Ukichaji kwa wati 5, injini inachoma wati 100 na wati 95 zinabaki kama joto. Balbu ya zamani ya wati 100 hutoa kiasi hichohicho. Jaribu kuiwazia ndani ya mfuko wa suruali, ukiwa umekaa kwenye basi.

Ile faida ya mara mia nayo imesinyaa. Butani ina wati-saa 12,700 kwa kilo. Asilimia 5 yake ni 635. Betri ya lithiamu ya leo, pamoja na ganda lake, iko kwenye 220 hivi. Mara tatu, si mara mia. Na kwenye upande wa mafuta lazima uongeze injini, tangi, valvu, feni ya kupoza, na betri ndogo ya kuwashia, kwa sababu turbini haijianzishi yenyewe. Betri haikuondoka, ilipata mpangaji. Nikikisia kwamba hivyo vyote pamoja vina gramu 300, basi betri inashinda kwa uzito mpaka ufike karibu wati-saa 100, sawa na kuchaji simu mara saba. Baada ya hapo injini inaanza kushinda, na kadiri safari inavyorefuka inashinda zaidi.

Kwa hiyo mteja wake ni nani? Mtu aliye mbali na soketi kwa siku nyingi, aliye nje kwenye hewa, mwenye mzigo wa umeme mkubwa na wa kudumu, asiyejali kelele. Askari wa doria ya siku tatu anakaribia maelezo hayo, isipokuwa hapo kwenye kelele na kwenye joto, maana kitu cha moto huonekana kwa mbali gizani kwa yeyote mwenye kamera ya joto. Mwenye simu hayakaribii kabisa. Vifaa vya mkononi vilikuwa vibaya kwa injini hii tangu mwanzo, na nashangaa ni mara ngapi ilitangazwa kama injini ya simu. Huenda ni kwa sababu kila mtu anaijua simu.

Hata washindani waliokuwa wapole zaidi hawakupenya. Seli za mafuta hutoa umeme kutoka kwa methanoli bila moto, bila kuzunguka na bila kelele. Oktoba 2009 Toshiba iliuza nchini Japani chaja ya methanoli iliyoitwa Dynario, vipande 3,000 kwa jumla, kila kimoja yen 29,800 bila mafuta yake. Ilikuwa na ukubwa wa kiganja na ilifanya ilichoahidi. Haikuleta wimbi lolote. Kama kitu kisicho na moto kilipata shida kumshawishi mtu abebe chupa ya mafuta, chenye moto wa nyuzi 1,300 kingesema nini?

Hata hivyo rota ile ya mwaka 2000 haikuzunguka bure. Kuchimba silikoni kwa kina, kubandika visahani vingi bila mianya, kuelewa beringi fupi za hewa kwa kasi ambazo hakuna aliyekuwa amezigusa: hayo yameandikwa, na wanaotengeneza pampu ndogo na vifaa vinavyozunguka kwa kasi kubwa wanayasoma. Nikiwa na mwanafunzi anayetaka kuirudia injini hii, nisingemkataza. Ningemtaka alete namba moja kabla ya michoro: hewa inayoingia kwenye kompresa ina joto gani wakati moto umewaka kwa dakika kumi mfululizo. Akiniambia kelvini 300, nitamuuliza ameipata wapi nafasi.

Epstein mwenyewe aliondoka MIT akaenda kusimamia teknolojia na mazingira katika kampuni ya injini za ndege ya Pratt & Whitney. Injini za huko huning'inia chini ya mabawa ya ndege za abiria, na shafti inayotenganisha upande wa baridi na upande wa moto hupimwa kwa mita.